Mkono wa Kushoto

Katika taarifa za elimu nilizozisoma maishani mwangu, hakuna neno lililonichosha kama neno "ushirikiano". Chuo kinashirikiana na shule. Shule inashirikiana na chuo. Mwanachuo ananufaika na ushirikiano huo, na Taifa linapata mwalimu bora. Nimefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka arobaini, sehemu kubwa yake Temeke, na katika muda huo nimepokea wanachuo wengi waliokuja kufanya mazoezi ya kufundisha. Kwa hiyo ushirikiano unaosemwa sikuusikia kwa watu. Nimekaa ndani yake. Najua umbo lake. Ni barua ya utambulisho yenye mhuri, kiti cha kuazima katika ofisi ya walimu, na soda ya mgeni. Zaidi ya hapo hakuna kitu.

Nitasema katika kurasa hizi kwamba mpango huu, kwa jinsi ulivyozoeleka, ni udanganyifu. Kwamba wanaoulipia ni watoto wa darasa la kwanza. Na kwamba mimi mwenyewe nimeshiriki kuudumisha. Naanza na hilo la mwisho, maana asiyekiri kosa lake hana haki ya kuwanyooshea wengine kidole.

Ilikuwa mwaka 2004, katika shule moja ya Mbagala. Tulikuwa tumeletewa binti mmoja mwanachuo, wa miaka ishirini hivi, mpole, mwandiko wake ubaoni kama wa chapa. Mwalimu mkuu alimkabidhi mkondo mmoja wa darasa la kwanza siku ya pili tu baada ya kufika. Daftari la mahudhurio lilikuwa na majina 118. Madawati yaliwatosha theluthi moja. Waliobaki walikaa sakafuni, wamebanana hadi ukutani chini ya ubao, hata mwalimu akitaka kuandika ilimbidi kwanza atafute pa kukanyaga. Mimi ndiye niliyetajwa kuwa mwalimu mlezi wake. Lakini nami nilikuwa na mkondo wangu katika chumba cha pili, wenye watoto karibu idadi hiyo hiyo. Basi ulezi wangu ulikuwa ni kusikiliza kelele kupitia ukutani na kukisia kama amewaweza au wamemshinda.

Ikaja habari kwamba mkufunzi atafika Jumatano. Jumanne, kabla watoto hawajaruhusiwa, niliingia kwa yule binti nikawafundisha watoto wake mchezo ambao walimu wengi wa rika langu wanaujua. Niliwaambia: kesho mwalimu akiuliza swali, nyote mnyooshe mikono. Anayejua jibu anyooshe mkono wa kulia. Asiyejua anyooshe wa kushoto. Mwalimu atachagua mikono ya kulia tu. Tukafanya majaribio mara tatu. Watoto walifurahi sana, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika mwaka ule kila mtoto alikuwa na jambo la kufanya.

Mkufunzi alifika, akapewa kiti pekee kilichokuwamo, akaketi nyuma. Somo lilikuwa silabi za herufi "m". Kila swali lilipoulizwa mikono ilipaa yote, na kila aliyechaguliwa alijibu sawasawa. Mkufunzi alikaa kipindi kimoja, yaani nusu saa. Alilitia sahihi andalio la somo, akasifu zana za kufundishia zilizotengenezwa kwa maboksi, akajaza fomu yake kwa alama nzuri, akanywa soda kwa mwalimu mkuu, kisha akaondoka haraka kwa kuwa alikuwa na shule nyingine mbili za kuzimaliza kabla ya saa sita. Sikumwona tena.

Mchana ule, watoto walipokwisha kwenda, yule binti alinijia nikiwa nasahihisha madaftari. Nilidhani amekuja kunishukuru. Aliniuliza: "Mwalimu, wale wa mkono wa kushoto nitawafundisha lini?"

Nilimjibu: "Utazoea, mwanangu."

Nimelifikiri jibu hilo miaka mingi. Nimemfikiria pia yule mkufunzi. Aliwahi kuwa mwalimu wa msingi kabla ya kwenda chuoni, alituambia mwenyewe. Haiwezekani kwamba hakuiona mikono ya kushoto. Watu wazima watatu tulikuwamo katika chumba kile, na sote watatu tulijua. Chuo kilihitaji fomu iliyojazwa. Shule ilihitaji mtu wa kukaa na watoto 118. Binti alihitaji cheti. Kila mmoja alipata alichokihitaji, na jambo hilo likaandikwa mahali fulani kuwa ni ushirikiano mzuri kati ya chuo na shule.

Yamkini msomaji atasema kwamba kosa ni la mwaka ule na la mpango ule. Ni kweli kwamba miaka ile ilikuwa ya dharura. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulianza mwaka 2002, na watoto wakamiminika madarasani kuliko walimu waliokuwapo. Ndipo mafunzo ya ualimu wa Daraja la A yakapangwa upya: mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Katika karatasi, mpango huo ulikuwa mzuri kuliko ule wa zamani. Mwaka mzima shuleni! Mwanachuo angejifunza ualimu mahali unapofanyika, chini ya macho ya mwalimu mzoefu. Lakini hapakuwa na macho. Mwalimu mzoefu alikuwa chumba cha pili. Kilichoitwa mwaka wa mafunzo kikawa mwaka wa kazi kwa mtu asiyelipwa mshahara kamili wala kufundishwa kikamilifu.

Lakini si kweli kwamba kosa hilo lilianza na MMEM, na mimi ni shahidi, kwa sababu mimi ni mwalimu wa UPE.

Vijana wa leo hawaijui kejeli iliyokuwamo katika maneno hayo. Novemba 1974, Azimio la Musoma lilitamka kwamba kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1976 Serikali iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu wakiwa vijijini, kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa vipindi katika vituo vya kata. Kufikia mwaka 1984 tulikuwa tumeandikishwa zaidi ya 45,000, na karibu 38,000 kati yetu tulifaulu. Mimi nilianza mwaka 1977, kijijini katika wilaya ya Kisarawe, nikiwa na miaka kumi na saba, nikifundisha watoto ambao baadhi yao walikuwa warefu kuliko mimi. Tulipoletwa mjini, wenzetu waliopitia vyuoni walituita "walimu wa UPE", na wazazi wakalidaka jina hilo. Jina hilo nimelibeba hadi nilipostaafu.

Sasa nasema jambo ambalo huenda likawashangaza waliotucheka. UPE ilikuwa na kitu kimoja ambacho vyuo havikuwa nacho. Tulikuwa shuleni. Miaka mitatu mfululizo tuliijua shule ile ile, watoto wale wale, njaa yao ya mwezi wa pili na utoro wao wa wakati wa korosho. Mwanachuo wa chuo cha kawaida alikuja shuleni wiki chache, akaondoka na kumbukumbu kama za mtalii. Sisi tulikuwa wenyeji.

Kilichotukosesha ni kingine. Kituoni, mchana, tulikuwa na mwalimu wa kutusomesha saikolojia na mbinu za kufundishia. Lakini asubuhi, mlango wa darasa ulipofungwa, kila mmoja alikuwa peke yake. Hapakuwa na mtu wa kukaa nyuma akaona kwamba nilikuwa nawauliza watoto wale wale watano kila siku. Mratibu elimu alikuja kwa baiskeli, akakagua azimio la kazi, akaenda zake. Nilijifunza kufundisha kama mtu anayejifunza kuogelea kwa kusukumwa mtoni: nilijifunza kutozama, basi. Na mchezo wa mkono wa kushoto niliujifunza huko, kutoka kwa mwalimu mwema kabisa, aliyenionea huruma siku nilipokuwa nakaguliwa.

Hii ndiyo hoja yangu. Chuo peke yake hutoa mwalimu wa darasa ambalo halipo. Shule peke yake hutoa mwalimu wa hila. Tumejaribu njia zote mbili katika nchi hii, kwa maelfu ya vijana, na tukajaribu pia kuziunganisha kwa barua na mhuri. Jambo ambalo hatujalifanya kwa upana ni kuwaweka watu watatu katika chumba kimoja kwa muda wa kutosha: anayejifunza, anayefundisha watoto kila siku, na anayefundisha ualimu chuoni. Na wote watatu wawe huru kusema walichokiona.

Je, ni jambo gumu lisilowezekana? Tuwatazame majirani zetu wa hapa hapa Temeke. Keko, mahali panaposifika kwa samani, fundi seremala akimchukua kijana hampi mbao za mteja siku ya pili. Kijana hupiga msasa, hushika ubao upande wa pili, hutumwa misumari, huangalia. Siku atakayopewa kabati alitengeneze mwenyewe, fundi yupo karibu naye, na fundi ndiye atakayesema kama mlango umekaa au haujakaa. Hakuna mtu anayekuja kutoka mbali kwa nusu saa, akatazama kabati kwa mbele tu, akatoa cheti. Tumeona aibu kulaza nguo zetu katika kabati lililotengenezwa kwa namna hiyo, lakini hatuoni aibu kuwakalisha watoto wetu mbele ya mwalimu aliyeandaliwa kwa namna hiyo.

Au twende Muhimbili. Daktari wa kesho hupita wodini pamoja na daktari wa leo, kitanda kwa kitanda, na anayemfundisha ni mtu anayetibu. Mwanafunzi huulizwa mbele ya mgonjwa wa kweli mwenye ugonjwa wa kweli. Hatusikii kwamba wagonjwa wamefundishwa jana yake wanyooshe mkono wa kulia kama wanapona. Hospitali na chuo pale vimekaa mgongo kwa mgongo tangu miaka ya 1960, na hakuna anayesema kwamba kufundisha wodini ni kazi ya chini kuliko kufundisha katika ukumbi wa mihadhara.

Ualimu wa msingi umekosa heshima hiyo, na hapa ndipo ninapovigeukia vyuo vikuu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia Mlimani mwaka 1964, wakati kilipokuwa bado chuo kishiriki, na tangu miaka hiyo kimekuwa kikiandaa walimu. Ni kazi njema, na nchi imefaidika nayo. Lakini walimu hao, kwa sehemu iliyo kubwa, ni wa sekondari. Kutoka Mlimani hadi Tandale, Manzese au Mwananyamala ni safari fupi ya daladala. Kuna shule za msingi huko ambazo mhadhiri angeweza kuzifikia na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mwanafunzi wa ualimu wa pale Mlimani anaweza kumaliza shahada yake, akafanya mazoezi ya kufundisha sekondari mkoa wa mbali kwa wiki nane au chini ya hapo, asiwahi hata siku moja kuketi na mtoto wa Tandale anayejaribu kuunganisha "ba" na "ba" apate "baba".

Mfano mwingine uko Chang'ombe. Pale palikuwa na Chuo cha Ualimu. Mwaka 2005 kikafanywa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, sawa na Mkwawa kule Iringa, kwa sababu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uliokuwa umeanza mwaka 2004 ulihitaji walimu wengi wenye shahada. Sina ugomvi na uamuzi huo. Sekondari zilihitaji walimu. Ninachosema ni kwamba mahali palipopandishwa hadhi, mtoto wa darasa la kwanza hakupandishwa napo. Ukishuka kutoka Chang'ombe ukaifuata Barabara ya Kilwa hadi Mtoni na Mbagala, utapita katikati ya baadhi ya shule za msingi zilizojaa kuliko nyingi nchini. Chuo kikuu cha elimu kiko mlangoni mwa tatizo kubwa kuliko yote ya elimu, na mpangilio wa masomo unakitaka kitazame upande mwingine.

Kuna jambo chungu zaidi. Mwalimu wa msingi mwenye bidii, anayesoma usiku katika Chuo Kikuu Huria hadi apate shahada, aghalabu shahada hiyo humtoa kwa watoto wadogo. Nimewaaga wenzangu wengi namna hiyo. Tuliwapikia pilau, tukawapongeza, wakaenda sekondari au ofisini. Nani awalaumu? Tumeijenga nchi ambamo elimu ya mwalimu ni ngazi ya kumkimbia mtoto mdogo. Anayebaki naye anaonekana aliyeshindwa kupanda.

Matokeo yake yameonekana. Tafiti za Uwezo zilizoanza kufanyika hapa nchini mwaka 2010 zilionyesha kwamba takriban watatu tu kati ya watoto kumi wa darasa la tatu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Watu walishtuka, wakaandika magazetini. Mimi sikushtuka. Wale saba niliwafahamu. Walikuwa wakinyoosha mkono wa kushoto.

Wenzetu wa mbali wamefanyaje? Ufini iliwapeleka walimu wake wa msingi vyuo vikuu katika miaka ya 1970, na tangu mwaka 1979 inawataka wawe na shahada ya uzamili. Watu wetu wanaokwenda huko kutembea hurudi wakisifu shahada hiyo. Husahau kusifu kitu cha pili: vyuo vikuu vinavyoandaa walimu kule vina shule zao za mazoezi, zenye watoto wa kawaida, na walimu wa shule hizo wana kazi mbili zinazotambuliwa, kufundisha watoto na kufundisha walimu. Shahada bila shule ile isingekuwa chochote.

Wala si lazima twende Ufini. Sisi wenyewe tuliwahi kuwa na shule za mazoezi pembeni mwa vyuo vyetu vya ualimu, na majina yao bado yapo katika miji kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mpango ulioitwa MTUU, ulioziunganisha Tanzania, UNICEF na UNESCO, Chuo cha Ualimu cha Korogwe kilifungamana na shule ya kijiji cha Kwamsisi, kikaifanya shule ile kuwa mahali pa kujaribia elimu inayolingana na maisha ya watu. Wazo hilo ni letu. Lilizimika kwa sababu tulikuwa na haraka, na tangu hapo haraka haijatutoka: haraka ya UPE, haraka ya MMEM, haraka ya shule za kata, ambapo vijana waliomaliza kidato cha sita walifundishwa ualimu kwa majuma machache na watu wakawabandika jina la "voda fasta". Kisha ikaja elimu bila malipo mwaka 2016, na mistari ya kuandikisha darasa la kwanza ikafika barabarani.

Ninataka nini basi? Sipendi makala zinazolaumu zikaishia hapo, kwa hiyo nitayataja.

Kwanza, mwanachuo wa ualimu wa msingi akae katika shule moja mwaka mzima, lakini asikabidhiwe mkondo peke yake. Awe mtu wa pili katika chumba. Iwe ni mwiko, unaoandikwa katika mkataba kati ya chuo na halmashauri, kwa mwalimu mkuu kumtumia kuziba pengo. Najua walimu wakuu watanichukia kwa hili. Nimekaa nao; najua pengo lilivyo.

Pili, mwalimu mlezi awe na kauli. Leo mtu aliyemwona mwanachuo kila siku hana alama yoyote ya maana ya kutoa, na mtu aliyemwona nusu saa ndiye anayeamua. Bila sahihi ya mwalimu mlezi cheti kisitoke. Akisema huyu bado, iwe bado.

Tatu, ulezi uwe kazi inayohesabiwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu hupewa fedha za mafunzo kwa vitendo kupitia Bodi ya Mikopo. Mkufunzi hupewa posho ya safari. Katika miaka yangu yote, sikuwahi kupewa hata kipindi kimoja cha kupunguziwa, achilia mbali senti, kwa kumlea mwanachuo. Mpunguzieni mlezi vipindi, mpeni posho, na muiandike kazi hiyo katika ngazi ya kupandishwa cheo, ili mwalimu hodari apate sababu ya kubaki na watoto wadogo.

Nne, na hili ndilo ninalolitaka kuliko yote, mkufunzi na mhadhiri wa ualimu wafundishe watoto. Siku moja kwa wiki, katika darasa la kwanza la Mbagala au Tandale, darasa lile lile alilomo mwanachuo wao, na watoto wote wawemo. Wasije kukagua. Waje kushika chaki. Mwanachuo na mwalimu mlezi wakae nyuma watazame, kisha watatu wazungumze kwa ukweli juu ya nani aliyejifunza na nani ambaye hakujifunza. Mhadhiri aliyeshindwa Jumatatu kuwafikia watoto 118 atafundisha tofauti Jumanne kule ukumbini. Nina hakika na hilo kuliko nilivyo na hakika na waraka wowote.

Nimekwisha kusikia majibu yao. Wa kwanza atasema idadi hairuhusu. Namwambia kwamba idadi ndiyo sababu yenyewe. Darasa la watoto 118 likiwa na watu wazima wawili linafundishika kidogo. Likiwa na watatu siku moja kwa wiki, wale wa mkono wa kushoto wataanza kuonekana. Shule za Temeke na Kinondoni hazihitaji kuogopa wanachuo. Zinahitaji wanachuo wasiogeuzwa vibarua.

Wa pili atasema kwamba mhadhiri ana utafiti wa kufanya. Afanye. Hakuna maktaba itakayomwambia kuhusu kusoma zaidi ya watoto thelathini wanaolikosea neno lile lile kwa namna moja.

Wa tatu nampa heshima, kwa sababu hoja yake ni nzito. Atasema: nyinyi walimu wa shuleni wenyewe mmechoka na mmezoea hila, mkipewa madaraka mtawarithisha vijana udhaifu wenu. Ni kweli. Mimi nilimrithisha binti yule mkono wa kushoto. Lakini nilifanya hivyo kwa sababu tulikuwa tunamtengenezea maonyesho mgeni. Mkufunzi angekuwa mwenyeji, anayekuja kila wiki na anayeshindwa mbele yetu kama sisi tunavyoshindwa mbele yake, hila ile isingekuwa na kazi. Hudanganywa mgeni. Mwenzako wa kila siku huwezi kumdanganya, na baada ya muda huoni haja.

Sasa mwelekeo wa nchi ni kumpandisha mwalimu wa msingi kutoka cheti hadi stashahada. Vilevile tunahimizwa walimu wa shule moja wakae pamoja na kujifunza wakiwa kazini, katika mafunzo endelevu yanayoitwa MEWAKA. Yote mawili ni mazuri. Lakini nimeona majina mengi mazuri yakifika Mbagala yakiwa yamechoka kwa safari. Stashahada itakayopatikana kwa nusu saa ya ukaguzi na soda haitakuwa tofauti na cheti kilichopatikana kwa njia hiyo hiyo. Itakuwa tu imechukua muda mrefu zaidi.

Kuna kijana mmoja anayeendesha bodaboda kituo cha Rangi Tatu. Alikuwa katika mkondo wa yule binti mwaka 2004. Kila akiniona hunisimamishia, "Shikamoo Mwalimu," na hakubali nimlipe. Mwaka jana nilimpa karatasi yenye jina la mtaa na namba ya nyumba niliyokuwa naitafuta. Aliitazama, akaigeuza, kisha akaniambia kwa upole, "Mwalimu, nielekeze tu kwa mdomo." Nilimwelekeza. Njia nzima sikuweza kusema neno.

Yule binti aliniuliza atawafundisha lini. Alikuwa na miezi mitano tu kazini na alikuwa ameliuliza swali ambalo chuo kizima hakikumtuma kuliuliza. Nilipaswa kusimama palepale nikamwambia, tuanze kesho, mimi na wewe, na huyo mkufunzi tumwite arudi. Sikufanya hivyo. Wewe mhadhiri unayesoma haya, na wewe mkufunzi, na wewe afisa elimu mwenye mhuri: safari ijayo mkiingia darasani na mikono yote ikapaa, msimwache mwalimu achague. Chagueni wenyewe mtoto aliyenyoosha mkono wa kushoto, kaeni naye chini sakafuni, na msiondoke kuwahi shule nyingine.